Nyumba Iliyomngoja Mpishi

Niliondoka Malindi kwa sababu kaka yangu alinipigia simu akaniomba nikazungumze na mke wa mpishi wake. Ndivyo alivyosema, na ndivyo nilivyowaambia nyote mlioniuliza naenda wapi na kibegi changu. Kaka Athumani mnamjua. Picha yake ya suti iko ukutani kwa mama, na hakuna harusi mtaani kwetu inayopita bila kutajwa kwamba yeye ni mtu mkubwa kwenye ubalozi wetu ng'ambo. Mpishi wake pia mnamjua, ingawa jina huenda limewatoka. Ni yule Mjaluo mrefu aliyepika pilau ya harusi ya binti yangu, mpaka mashangazi zetu wakaenda jikoni kumchungulia, wakidhani wanachezewa shere. Anaitwa Odhiambo. Baada ya harusi ile kaka aliondoka naye kwa mkataba wa miaka miwili.

Mkataba huo ulikuwa umekwisha. Kaka alisema Odhiambo amekuwa mtu wa kununa, chakula hakina ladha, na kuna wageni wazito wanakuja. "Mkewe akimwambia abaki, atabaki," alisema. "Nasikia mvua za El Nino ziliwaharibia nyumba. Waambie nitawajengea nyingine, ya mabati. Halafu Ijumaa alasiri mlete huyo mke Homa Bay, kwa rafiki yangu mwenye duka la jumla, nitapiga simu hapo." Nilimwuliza kwa nini nisimpeleke kwa mjomba Salim pale Migori, ambaye simu anayo na ni jirani zaidi na Sori, kwao Odhiambo. Akanijibu kwamba mjomba ana maneno mengi. Sikuuliza tena. Mimi ni fundi cherehani, mambo ya ubalozi siyajui, na kusema kweli nilifurahi kutumwa. Si kila siku mtu mkubwa humhitaji dada yake.

Nairobi nililala kwa binamu yetu, na asubuhi nikapanda basi la Migori. Nilikuwa nimebeba kanga mbili mpya na halwa, na nilikaa dirishani kama mtalii. Baada ya Kisii, nchi yote ikiwa ni migomba na vilima, barabara inateremka mpaka Rongo, panapogawanyika njia ya Homa Bay. Kutoka hapo hewa inabadilika, jua linakuwa na mkono mzito. Jirani yangu wa kiti alikuwa mama mmoja wa makamo, muuza vyungu, na mimi mdomo wangu hunitangulia siku zote. Nikamweleza safari yangu, na kwamba kaka yangu anaijengea nyumba familia ya mpishi wake.

"Pole," akasema. "Huyo mpishi alikufa lini?"

"Hakufa. Yuko ng'ambo, anafanya kazi."

Akanitazama kidogo, kisha akageuka upande wa pili. Nikajiambia kwamba Kiswahili kimempiga chenga. Nikaendelea kufurahia njia.

Awendo tulikaa sana. Malori ya miwa yalikuwa yamejipanga kuelekea kiwandani, moja limeangusha mzigo katikati ya barabara, na watu walikuwa wanachomoa miwa bila haraka yoyote. Harufu ya kiwanda, ile ya sukari inayokaribia kuungua, ilinifuata mpaka Migori nikiwa nimeizoea.

Migori ni mji wa watu wapitao. Wako wanaokwenda Isebania mpakani, wanaotoka Kisii, wenye mahindi na wenye ng'ombe, na vijana wa baiskeli wanaokuvuta begi kabla hujashuka. Mjomba Salim ana hoteli yake karibu na soko tangu mimi msichana. Ndipo Odhiambo alipojifunzia kupika vyakula vyetu, na ndipo kaka alipoonja chakula chake na kumpenda. Mjomba alinipokea vizuri, akaniletea chai na mahamri, akakaa mbele yangu. Nilipomwambia nilichotumwa, aliacha kunywa.

"Athumani amekwambia kwamba baba yake Odhiambo alikufa?"

"Hakuniambia."

"Alikufa mwaka jana. Nilimpigia Athumani simu siku ileile, nikiwa nimesimama pale, kwenye ile meza. Akasema atamwambia. Watu wa kule walimngoja kijana aje kumzika baba yake, wakangoja, wakachoka, wakazika. Yeye ni mtoto wa kwanza, Rukia. Hakuja, wala hakutuma neno. Na mimi ndiye niliyekwenda kwa yule mzee kumwomba aniachie mwanawe asafiri. Nilikula kwake. Sasa watu wa Sori wakija mjini wanapita ng'ambo ya pili ya barabara."

Nilisema labda kazi ilikuwa nyingi. Mjomba aliniambia tu, "Ukifika, tazama kwanza kabla hujasema kitu."

Kwenda Sori nilipata nafasi mbele katika pikapu ya mfanyabiashara wa samaki, rafiki wa mjomba, iliyokuwa imebeba barafu. Njia ni ya vumbi. Macalder kuna watu wanaofukua dhahabu kwenye mashimo, uso na nguo zao rangi moja na udongo, na baada ya hapo nchi inakuwa kavu, mbuzi na miiba, mpaka ghafla unaona ziwa. Sori yenyewe inanuka omena, dagaa wa ziwani. Wameianika kila mahali juu ya nyavu za zamani, na wanawake wanaigeuza kwa mafagio.

Bomani kwa kina Odhiambo, panapoitwa dala kwa lugha ya huko, ni mwendo mfupi kutoka sokoni. Nilipokewa na mke wake. Jina lake sikuambiwa, kwa kuwa huko mke huitwa kwa kwao alikotoka, na huyu wanamwita Nyar Kadem, binti wa Kadem. Ni mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini. Mama mkwe wake, mzee mwenye macho makali, alikuwa ameketi kwenye mkeka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Nyumba niliiona mara moja, usingeweza kutoiona. Nyumba zote za boma lile zilikuwa zimesimama imara, zimepakwa udongo mpya, isipokuwa moja. Ukuta wake wa upande mmoja ulikuwa umekwenda na maji, mahali pake pamezibwa kwa magunia na mabati yenye kutu, na paa la nyasi limeinama likishikwa na magogo yaliyoegemezwa kwa nje. Humo ndimo Nyar Kadem alimokuwa akilala na wanawe, kwenye ule upande uliobaki. Nilimwonea huruma, na papo hapo nikamsifu kaka yangu moyoni kwa kufikiria mabati.

Kwanza walinipa chakula. Kuku mzima, na ugali wa mtama. Kabla sijanyoosha mkono Nyar Kadem akaniambia, "Kula tu, mama. Hii kuku imechinjwa na mtu wenu, tulimwita kutoka soko. Baba Akinyi alitufundisha hivyo, tangu akiwa kwa Salim." Baba Akinyi ni Odhiambo, kwa jina la binti yake mkubwa. Nilikula nikashiba. Ningejua nilichokuja kufanya, tonge la kwanza lingenikwama.

Baada ya kunawa nikatoa kanga na halwa, kisha nikatoa maneno ya kaka, tena kwa madaha, kana kwamba mabati ni yangu. Nikasema Athumani anawasalimu, amesikia habari ya nyumba, ameumia. Ataleta mabati, saruji na fundi, na nyumba mpya itasimama hapa kabla ya mvua nyingine. Kwa upande wao, Nyar Kadem amwambie tu mumewe kwamba nyumbani ni salama, aendelee na kazi.

Mama mkwe aliuliza kwa Kijaluo kimesemwa nini. Akatafsiriwa kidogo kidogo, na nikaona uso wa yule mzee unabadilika. Akauliza neno moja. Nyar Kadem akainama. Mzee akaliuliza tena, kwa nguvu.

"Mama anauliza," akasema Nyar Kadem bila kunitazama, "Odhiambo alikufa siku gani."

Nikamkumbuka yule muuza vyungu wa kwenye basi.

"Hakufa," nikasema. "Mwambie hakufa. Yuko salama."

"Kama hajakufa, kwa nini mnanijengea nyumba?" Alisema polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. "Hapa kwetu, mke ako na bwana, nyumba yake inajengwa bwana akiwa. Yeye ndiye anaanza, yeye ndiye analala ndani ya kwanza. Mjane ndiye anajengewa na watu wengine. Mimi nikiingia kwa hiyo nyumba yenu, nimesema mbele ya watu kwamba bwana yangu amekufa. Hiyo ni chira. Mkosi kama huo unaweza kumpata huko aliko, ama ukapata hawa watoto."

"Sikujua," nikasema. "Wallahi sikujua."

"Najua hukujua. Lakini hata sisi hatujui kama ako hai. Baba yake alizikwa, yeye kimya. Mtu kama Odhiambo akae kimya baba yake amekufa? Halafu sasa mnakuja na nyumba."

Mama mkwe alisukuma kanga zile zikanirudia, taratibu, bila hasira. Alisema maneno ambayo Nyar Kadem aliyatafsiri akiwa amefumba macho. "Kama ako hai, aje. Kama amekufa, leteni mwili. Nyumba msilete."

Sikujua niuweke wapi uso wangu. Nimeona aibu za kila namna katika maisha yangu, za nguo iliyoharibika na harusi iko kesho, za mtoto aliyefukuzwa shule, lakini hii ilikuwa nyingine. Nilikuwa nimekula kuku wao, kisha nikawatangazia msiba. Na huku nyuma ya aibu hiyo nilianza kuona nyingine kubwa zaidi, ambayo haikuwa yangu peke yangu. Miaka miwili tulijisifia kaka mwenye mpishi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza mpishi anaishije.

Ijumaa asubuhi nikaondoka na Nyar Kadem. Alikuwa amekubali safari kwa sababu moja tu, kusikia sauti. Tulirudi Migori bila kupita kwa mjomba, kwa kuwa niliona haya kumtazama, tukashika njia ya Awendo mpaka Rongo, na hapo tukabadilisha gari la kuteremkia ziwani. Njia nzima hakunilaumu. Mara moja tu aliniuliza kama huko ng'ambo kuna baridi, na kama ninajua Odhiambo analala wapi. Nikasema nyumba ya kaka ni kubwa, naiona kwenye picha. Akasema, "Kubwa hiyo ni ya mwenyewe."

Homa Bay tulifika mchana. Mji umekaa kati ya mlima na ghuba, na mwaka ule ghuba yote ilikuwa kijani kwa magugu maji, mtu wa mbali angedhani ni shamba la mboga. Boti zilikuwa zimekwama ndani yake. Duka la rafiki wa kaka liko mtaa wa nyuma, limejaa magunia ya sukari na katoni za sabuni. Mwenyewe alituweka chumba cha ndani penye simu, akatuletea soda, akarudi kwa wateja wake.

Simu ililia. Kaka alikuwa mchangamfu. "Umemweleza habari ya nyumba?"

"Nimemweleza."

"Amefurahi?"

"Mpe Odhiambo," nikasema.

Nyar Kadem alishika mkono wa simu kwa mikono miwili. Mwanzoni alisikiliza tu pumzi. Kisha akaita jina lake, na nikaona mabega yake yanashuka. Walizungumza Kijaluo. Kaka yangu hakijui, na mimi pia, na bila shaka alikuwa amesimama pembeni ya Odhiambo akidhani anasikiliza mke akimtuliza mume. Mimi neno nililolijua lilikuwa moja, dala, nyumbani. Nyar Kadem alilisema mara nyingi. Muda mwingine alikuwa akisikiliza tu, huku amejiviringishia waya wa simu mkononi mpaka vidole vikabadilika rangi. Machozi yalimtoka bila sauti.

Kisha akaweka kiganja juu ya simu, akaniambia kwa Kiswahili.

"Anasema hakuambiwa. Baba yake alikufa, yeye hakuambiwa. Aliambiwa wakati mazishi imeisha. Barua aliandika, akampa bwana atume."

Akarudisha simu sikioni, akasikiliza, kisha akaifunika tena.

"Anasema pasipoti iko kwa kabati ya bwana, na funguo ni ya bwana. Anapika, anafua, anaosha magari, na kukiwa na karamu kwa nyumba zingine anaazimwa kama sufuria. Analala kwa chumba ya mashine ya kufua nguo. Alienda kwa polisi wa huko. Wakamwambia hiyo nyumba ni ya mtu wa ubalozi, sheria yao haiingii mlango hiyo. Akaenda kwa ubalozi yenyewe, kushtaki. Mlinzi akampigia bwana simu aje amchukue."

Nilichukua simu. Nilimwambia Odhiambo samahani, sijui kama alinisikia, kwa sababu kaka alikuwa ameshaichukua upande wake.

"Athumani," nikasema, "mjomba Salim alikupigia simu siku mzee alipokufa. Wewe ulimwambia lini mwenye baba?"

Nilimsikia akifunga mlango.

"Wiki ile tulikuwa na wageni, Rukia. Ungefanyaje wewe? Ningemwambia angetaka kuondoka."

Hivyo tu. Hakupandisha sauti, wala hakukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, ningeweza kuushika uongo. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo.

"Mrudishie pasipoti yake," nikasema.

"Nilikutuma ukazungumze na mwanamke, sikukutuma unisute. Unaujua mwenyewe mkate mnaokula mama na wewe unatoka wapi." Simu ikakatika.

Ni kweli. Cherehani yangu ya pili ni yeye aliyeninunulia, na dawa za mama ni yeye. Nilikaa juu ya katoni ya sabuni. Nyar Kadem alijifuta uso, akafungua ncha ya leso yake, akaifunga tena.

"Ni mzima," akasema. "Ile kitu nilitaka kujua, nimejua. Sasa wewe uende Nairobi, kwa wakubwa wa ndugu yako, useme. Sisi tukienda watasema ni watu wa kijiji wanatafuta pesa. Wewe ni damu yake."

Ningependa kuwaandikia kwamba nilimjibu papo hapo. Sikumjibu. Nilimfikiria mama, na ile picha, na nyinyi. Yeye alinisoma usoni, akasema, "Usiniahidi. Enda tu." Akakataa nimsindikize, akapanda gari la Rongo peke yake.

Migori nilifika jioni. Nilimsimulia mjomba kila kitu nikiwa bado nimesimama mlangoni. Alisikiliza, akaenda kufunga hesabu za siku, akarudi na koti lake. "Kesho tunakwenda wote," akasema. "Mimi ndiye niliyemtoa kwao."

Jumatatu, kwenye wizara ya kaka pale Nairobi, tulipelekwa kutoka dirisha moja hadi jingine, mpaka tukaketi mbele ya afisa mmoja mwenye subira. Alisikiliza bila kutukatiza. Kisha akatueleza jambo ambalo mpaka leo linanikera: mpishi wa nyumbani kwa afisa si mfanyakazi wa ubalozi, kwa hiyo serikali yetu haimhesabu. Na kwa kuwa nyumba ile ina kinga ya kibalozi, sheria za kazi za nchi ile nazo huishia getini.

"Basi yuko chini ya nani?" nikamwuliza.

"Chini ya huruma ya aliyemchukua."

"Na huruma ikikosekana?"

"Huwa tunaletewa malalamiko," akasema, "na huwa yanakufa, kwa sababu jamaa za mkubwa husema hawajui kitu. Mama, wewe uko tayari kutaja jina?"

Nilimtazama mjomba. Alikuwa anatazama viatu vyake, ananiachia mwenyewe. Nikalitaja jina la kaka yangu, lote, na la baba yetu ndani yake.

Malindi nilirudi, na yaliyofuata mnayajua. Mama aliniuliza kama ilikuwa lazima kuyasema mbele ya watu wa serikali. Picha bado iko ukutani. Baadhi yenu mmeacha kuniletea nguo za kushona, na wengine mnaniletea ili mnitazame vizuri. Ndiyo maana nimeona niwasimulie safari hii hatua kwa hatua, kwa sababu nimesikia inasimuliwa kwamba nilikwenda bara nikarogwa. Sikurogwa. Nilichojifunza ni kwamba nilionea fahari nyumba ambayo sikuwahi kuuliza mlango wake unafungwa kwa upande gani, na kwamba mtu anaweza kuwa mfungwa huku sisi tunamsifia pilau.

Baada ya miezi, mjomba alipiga simu. Mstari ulikuwa mbaya. "Rukia," alisema, "nyumba ya Nyar Kadem imejengwa."

Nilikuwa najua sasa maneno hayo yanaweza kumaanisha nini kule. Mjane hujengewa na watu wengine.

"Mjomba, nani kaijenga?"

"Mwenyewe," akasema. "Kashuka kwenye basi hapa mbele ya hoteli, na mfuko mmoja na pasipoti yake. Kaenda kwanza kaburini kwa baba yake. Halafu kachimba shimo la nguzo ya kwanza kwa mkono wake, watu wote wa boma wanatazama."

Nililia, kisha nikamwuliza kama Odhiambo ameniuliza. Mjomba akasema Nyar Kadem ananisalimu, nikipenda nije, mlango upo. Odhiambo mwenyewe hakusema kitu. Amerudi jikoni hotelini, anafanya kazi vizuri kama zamani, anapika samaki, anapika maharagwe, anapika chapati.

"Pilau tu," akasema mjomba, "ndiyo hapiki. Mteja akiagiza, anavua aproni, anatoka nje, anasimama mpaka aliyeagiza aondoke."